Wapi Kwanza au Lini Kwanza? Mwongozo wa Kupanga Maneno ya Mahali na Wakati Unapofasiri

Sentensi hii husemwa Mombasa karibu kila jioni, kwenye mapokezi ya hoteli na mbele ya lango la Fort Jesus: "Kesho saa mbili asubuhi tutakwenda Malindi kwa basi." Maneno yake ni mepesi. Mtu aliyesoma Kijerumani miezi mitatu anayajua yote. Lakini akiyapanga yalivyo kwa Kiswahili, Mjerumani atasikia kasoro. Akiyapanga kwa Kiingereza cha shuleni, Mjerumani atasikia kasoro nyingine. Na akiupeleka mpango huo wa Kiingereza kwa Mchina, Mchina ataelewa kwa kubahatisha. Msamiati ni sahihi, foleni ya maneno imevurugika.

Mwongozo huu ni wa waongoza watalii, wahudumu wa mapokezi, makarani wanaofasiri hati za bandarini, na wanafunzi wa lugha za kigeni. Unaanzia kwenye Kiswahili kwa sababu hapo ndipo msomaji alipo, na kwa sababu Kiswahili chenyewe kina mambo ya mahali na wakati ambayo wasemaji wake hawayaoni mpaka wanapolazimika kuyahamisha.

Kanuni inayobeba nyingine

Wanafunzi hupewa orodha mbili za kukariri. Kiingereza: namna, mahali, wakati. Kijerumani: wakati, sababu, namna, mahali, orodha wanayoifupisha kwa neno TeKaMoLo. Orodha hizo zina ukweli, lakini mtu akizikariri kama mambo mawili yasiyojuana, kila lugha mpya itamlazimisha kukariri ya tatu na ya nne. Afadhali kuziweka karibu na kitenzi na kutazama:

Kiswahili: kwenda – Malindi – kwa basi – kesho
Kiingereza: go – to Malindi – by bus – tomorrow
Kijerumani: morgen – mit dem Bus – nach Malindi – fahren
Kihindi: kal – bas se – Malindi – jana

Usome mstari wa Kijerumani kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Ni mpango wa Kiswahili, umegeuzwa kama sura kwenye kioo. Kihindi nacho kiko hivyo hivyo. Katika mistari yote minne mahali pamegusana na kitenzi, na wakati umesimama mbali kuliko vyote. (Ile "jana" ya Kihindi ni kitenzi, maana yake kwenda, isikuchanganye na jana yetu.)

Basi swali la kujiuliza mbele ya lugha yoyote mpya ni moja: kitenzi chake hukaa wapi? Kikikaa mapema, mahali hufuata nyuma yake na wakati huja mwisho (Kichina ndicho kinachokwenda tofauti, tutakiona katika Hatua ya 4). Kikikaa mwisho, wakati hutangulia na mahali husogea mpaka mlangoni pa kitenzi. Tazama pia kwamba ile orodha ya Kiingereza imekwama hapa: kwa kitenzi cha mwendo kama "go", mahali hutangulia namna, kwa kuwa kitenzi hicho bila mwisho wa safari hakijakamilika. Ukaribu na kitenzi una nguvu kuliko orodha.

Hatua ya 1: Ivunje sentensi kwa maswali matano

Kwenye karatasi, andika nani, anafanya nini, wapi, vipi, lini. Jaza kila swali kwa maneno ya Kiswahili kabla hujagusa lugha nyingine. Kazi hii huchukua nusu dakika, na ukiiruka utajikuta unafasiri neno kwa neno kufuata foleni ya Kiswahili.

Kama swali la "wapi" limepata majibu mawili, yaandike yote: "Tutatoka Mombasa kwenda Malindi" ina chanzo na kikomo. Karibu kila lugha utakayokutana nayo kwenye kazi za utalii hutanguliza chanzo.

Hatua ya 2: Mahali hapo ni pa aina gani?

Hapa ndipo Kiswahili kinapomtega mfasiri. Kiambishi -ni hakisemi kama mtu anaenda, yuko, au anatoka:

Tunakwenda ufukweni.
Tunakula ufukweni.
Tunatoka ufukweni.

Neno la mahali halikubadilika hata herufi. Maana yote ya mwelekeo imebebwa na kitenzi. Lugha nyingi za wageni hazifanyi hivyo. Huweka mwelekeo kwenye neno dogo linalotangulia mahali. Kiingereza husema "to the beach", "at the beach", "from the beach". Kijerumani hubadilisha mpaka kiainishi, yaani lile neno dogo linaloandamana na nomino: "an den Strand" ukienda, "am Strand" ukiwa pale. Kichina: "qù hǎitān" kwenda, "zài hǎitān" kuwapo, "cóng hǎitān" kutoka.

Kwa hiyo, kabla ya kufasiri neno lenye -ni, lipe alama: K kwa kikomo, P kwa pahali pa tendo, C kwa chanzo. Mfasiri asiyefanya hivi huandika "am Strand" kila mara, na Mjerumani husoma kwamba wageni watakuwa wakitembea pale pale ufukweni, kumbe waliambiwa waende.

Majina ya miji hayapokei -ni, na hilo huongeza mtego: "Tunakwenda Malindi" na "Tunakaa Malindi" zinafanana kabisa. Kiitaliano, ambacho Malindi na Watamu hakikwepeki, huweka "a" mbele ya jina la mji iwe unaenda au uko: "andiamo a Malindi", "abitiamo a Malindi". Kifaransa hivyo hivyo, "à Malindi". Kijerumani hutofautisha: "nach Malindi" ukienda, "in Malindi" ukiwapo.

Dokezo dogo kwa wanaofasiri kurudi kwenye Kiswahili: "katika sokoni" ni kosa, ingawa limezagaa. Sema "sokoni" au "katika soko". Katika na -ni hufanya kazi moja, na moja inatosha.

Umbali kutoka kwa kitenzi nao hutegemea aina hizi. Kikomo hushikana na kitenzi kwa nguvu. Pahali pa tendo hulegea kidogo na hupenda kuhama. Unaweza kusema kwa ulaini kabisa "Mjini Mombasa, Wareno walianza kujenga ngome hii mwaka 1593." Lakini "Malindi tutakwenda kesho" ina uzito maalumu: umemjibu mtu aliyedhani mnakwenda kwingine. Nayo "Tutakwenda kesho Malindi" husikika kana kwamba msemaji alisahau kutaja mji akaukumbuka mwishoni.

Hatua ya 3: Wakati huo ni nukta, muda, au mazoea?

Nukta ni "kesho", "saa mbili", "mwaka 1593". Hii ndiyo inayotii kanuni ya hapo juu bila shida. Onyo moja tu kuhusu mwaka: Kijerumani huuandika mtupu, "1593", au "im Jahr 1593". Kuandika "in 1593" ni Kiingereza kilichovaa kanzu ya Kijerumani.

Muda ni jambo jingine. Linganisha:

Kiswahili: Alikaa Mombasa miaka mitatu.
Kiingereza: He lived in Mombasa for three years.
Kijerumani: Er hat drei Jahre in Mombasa gewohnt.
Kichina: Tā zài Méngbāsà zhù le sān nián.

Kichina, ambacho nukta ya wakati huiweka kabla ya kitenzi, muda kimeuweka baada yake. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba "Kichina hutanguliza wakati" atakosea hapa kila siku. Nukta hutangulia kitenzi, urefu wa muda hufuata.

Tena angalia kama muda umekwisha au unaendelea. "Alikaa" amekwisha kuondoka; "Amekaa Mombasa miaka mitatu" bado yupo. Kiswahili kimelimaliza hilo kwa -li- na -me-. Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano hutumia wakati uliopo pamoja na neno la kuanzia: "Er wohnt seit drei Jahren in Mombasa", "Il habite à Mombasa depuis trois ans", "Abita a Mombasa da tre anni". Ukitumia wakati uliopita, msikilizaji atadhani mtu huyo alishahama.

Mazoea Kiswahili huyaficha ndani ya kitenzi kwa hu-. "Mashua huondoka alfajiri" haina neno hata moja la "kwa kawaida", lakini kila Mswahili analisikia. Kiingereza kinaweza kuridhika na kitenzi cha wakati uliopo, ila ukitaka kulitoa wazi, neno lake huenda kabla ya kitenzi kikuu na mbali na saa: "The boat usually leaves at dawn." Kwa siku za wiki, Kiitaliano hutofautisha kwa kiainishi kimoja: "lunedì" ni Jumatatu hii, "il lunedì" ni kila Jumatatu. Ratiba ya hoteli iliyokosea hapo huwaleta wageni ukumbini siku isiyo na ngoma.

Hatua ya 4: Tafuta kitenzi, kisha panga

Kijerumani ndicho kinachowasumbua watu zaidi, basi tuanze nacho. Kitenzi cha sentensi kuu hukaa nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza huchukua kitu kimoja tu. Kama umeanza na "kesho", kitenzi lazima kifuate mara moja, na mtendaji asubiri nyuma yake:

Morgen um acht Uhr fahren wir mit dem Bus nach Malindi.

Mswahili hukosea kwa kusema "Morgen wir fahren", kwa sababu "Kesho tunakwenda" imebeba mtendaji ndani ya kitenzi na haoni kwamba kwa Kijerumani ameweka vitu viwili mbele. "Morgen um acht Uhr" inahesabiwa kitu kimoja kwa kuwa saa inafafanua siku ile ile.

Na mahali je, mbona pako mwisho wakati kitenzi kiko mbele? Kitenzi kimehama, mahali pamebaki pakishika nafasi yake. Utaona kitenzi kikirudi nyumbani pale sentensi inapokuwa ya wakati uliopita wenye kitenzi kisaidizi, au tegemezi:

Gestern sind wir mit dem Boot nach Wasini gefahren. (Jana tulikwenda Wasini kwa mashua.)
…, weil wir morgen nach Wasini fahren. (…, kwa sababu kesho tunakwenda Wasini.)

"Nach Wasini" na "gefahren" zimegusana tena. Mtu akilielewa hili hana haja ya kukariri TeKaMoLo. Ataijenga sentensi kuanzia kitenzi cha mwisho akirudi nyuma.

Kosa la pili la Kijerumani hutoka kwenye Kiingereza: "Wir fahren nach Malindi morgen." Litaeleweka, lakini litasikika kama Kiswahili cha "Tutakwenda kesho Malindi", ila hapa kilichookotwa mwishoni ni wakati.

Kiingereza chenyewe ni chepesi kwa Mswahili kwa kuwa mpango wa ndani unafanana na wetu. Wakati hupenda mwisho, au mwanzo kama ndio mada. Kisichokubalika ni kuupachika wakati kati ya kitenzi na mahali: "We go tomorrow to Malindi." Wanaofasiri kutoka Kijerumani ndio wanaoiandika sana sentensi hiyo.

Kichina kinastahili muda. Mtaalamu wa isimu Matthew Dryer alipopanga lugha 500 kwa kutazama kitenzi, yambwa (kitu kinachotendwa) na vielezi hukaa wapi, zilizoweka kielezi kabla ya kitenzi na yambwa baada yake zilikuwa 3 tu, na zote ni za jamii ya Kichina. Kwa hiyo msomaji asidhani amekosa akili akiona mpango huo mgeni. Ni mpango adimu duniani. Kiolezo chake ni: nani, lini, wapi, kitenzi, kitu.

Wǒmen míngtiān zài Méngbāsà kàn chéngbǎo. (Sisi kesho pale Mombasa tunatazama ngome.)

Wakati unaweza kuruka mbele ya "nani", lakini hauendi mwisho. "Wǒmen qù Mǎlíndí míngtiān" ni kosa la wazi. Tazama pia kwamba pahali pa tendo, penye "zài", pametangulia kitenzi, ilhali kikomo cha "qù" kimefuata: "Wǒmen míngtiān zuò bāshì qù Mǎlíndí." Pande zote mbili mahali pamegusana na kitenzi chake kuliko wakati. Kanuni imesimama.

Kiitaliano na Kifaransa vina uhuru mwingi. Weka wakati mwanzoni, mahali baada ya kitenzi, usafiri mwisho: "Domani alle otto andiamo a Malindi in autobus." Hutakosea.

Kihindi na Kigujarati, ambazo utazisikia kwenye maduka mengi ya kisiwani, huweka kitenzi mwisho: wakati, mahali, kitenzi. Mtego wao uko kwenye neno lenyewe. "Kal" ya Kihindi ni jana na ni kesho. Kitenzi cha mwisho ndicho kinachoamua. Mkalimani asitoe "kesho" mdomoni kabla hajasikia kitenzi.

Hatua ya 5: Amua kitu gani kitangulie

Foleni hubeba habari pia. Kinachotangulia ni kile ambacho msikilizaji tayari anakijua au anakiuliza. Mgeni akiuliza "Kesho tunafanya nini?" jibu huanza na kesho. Akiuliza "Malindi tunakwenda lini?" jibu humaliza na kesho. Kosa hapa halivunji sarufi, lakini huchosha: mgeni husubiri jibu lake huku akipewa asichouliza.

Kiswahili kina chombo kizuri mno cha kazi hii, nacho ni mahali kugeuka kiima cha kitenzi:

Meli iko bandarini.
Bandarini kuna meli.

Ya kwanza inazungumzia meli tunayoijua, tunaambiwa iko wapi. Ya pili inazungumzia bandari, tunaambiwa kuna nini. Na si "kuna" peke yake: "Bandarini kumeingia meli tatu", "Likoni kumejaa watu", "Humu mmeingia maji". Viambishi pa-, ku- na m- hupatanisha kitenzi na mahali, na mtendaji husogea nyuma.

Mfasiri mvivu huigeuza sentensi kama "Bandarini kuna meli tatu" kuwa "Three ships are in the port", na kuua mpangilio wa habari. Kiingereza kina "there": "There are three ships in the port." Kijerumani hakihitaji ujanja wowote, kwa sababu nafasi ya kwanza ni ya yeyote: "Im Hafen liegen drei Schiffe." Kiitaliano: "Nel porto ci sono tre navi."

Kichina kimegawana kazi hii kama sisi hasa: "Chuán zài gǎngkǒu" ni meli iko bandarini, "Gǎngkǒu yǒu chuán" ni bandarini kuna meli. Na waliosoma nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, madrasani wameshakutana nayo: "ar-rajulu fi d-dār", mtu yule yumo nyumbani; "fi d-dāri rajulun", nyumbani mna mtu. Neno likiwa halijulikani na khabari (yaani kile kinachosemwa juu ya neno hilo) ni ya mahali, khabari hutangulia. Walimu wa madrasa huviita vielezi hivi dharfu zamani (cha wakati) na dharfu makani (cha mahali), na mwanafunzi aliyevielewa hivyo viwili ana msingi wa kujifunzia lugha nyingine yoyote kuliko anavyodhani.

Hatua ya 6: Saa, siku na tarehe

Makosa ya foleni humfanya mgeni atabasamu. Makosa ya hatua hii humfanya akose treni, kwa hiyo hapa usiharakishe.

Anza na saa. Saa ya Kiswahili huhesabu kuanzia macheo na machweo. Jua la Mombasa huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na ndiyo maana hesabu hii haitusumbui. Tofauti ni saa 6: saa mbili asubuhi ni 8:00, saa tisa alasiri ni 15:00. Ongeza au toa 6, kisha andika kwa tarakimu za saa 24. "Saa mbili" tupu haifasiriki. Rudi umuulize msemaji asubuhi au usiku.

Nusu saa ya Kijerumani huitaja saa inayokuja: "halb acht" ni 7:30, yaani saa moja na nusu asubuhi. Mwingereza akisema "half eight" anamaanisha 8:30. Maneno yanafanana na saa nzima imepotea kati yao. Ongeza zile saa 6 juu yake na utaona kwa nini tarakimu ni lazima.

Kisha siku. Kwa Waislamu wa pwani siku huanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa wazee wa Mji wa Kale ni usiku unaofuata Alhamisi mchana. Kwa mgeni, na kwa vijana wengi, ni usiku unaofuata Ijumaa mchana. Zimepishana kwa saa 24. Ukifasiri mwaliko wa harusi, uliza, kisha andika "usiku wa kuamkia Ijumaa" au "Ijumaa usiku" kwa Kiswahili, na kwa lugha ya mgeni taja tarehe. "Baada ya Isha" vile vile itafsiriwe pamoja na saa.

Majina ya siku nayo yana hesabu ndani. Jumatatu yetu ni siku ya tatu kwa kuwa twaanza na Jumamosi. Mreno huiita "segunda-feira", ya pili. Mchina huiita "xīngqīyī", ya kwanza. Mtu akifasiri namba badala ya jina amepotea.

Halafu kubwa au ndogo kwanza? Kiswahili cha mazungumzo hupenda kushuka: kesho, asubuhi, saa mbili. Mahali hivyo hivyo: "Anakaa Mombasa, huko Kisauni, pale Mwandoni." Anwani ya kuandika hupanda: nambari ya chumba, jengo, Barabara ya Moi, Mombasa. Kiingereza hupanda kote: "at eight o'clock on Monday, 3 March 2025". Kijerumani hushuka kutoka siku kwenda saa: "am Montag um acht Uhr". Kichina na Kijapani hushuka moja kwa moja, mwaka, mwezi, tarehe, siku, saa, na anwani pia: nchi kwanza, mlango mwisho. Ndani ya sentensi moja usipande kisha ukashuka. "Saa mbili kesho tarehe 3 asubuhi" inasumbua kwa lugha yoyote.

Tarehe za tarakimu tupu ziepuke. 3/4 kwa Mkenya ni tarehe 3 Aprili, kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Andika jina la mwezi.

Na mbele na nyuma: kwetu siku za mbele ni zijazo. Kichina hutumia neno la mbele, "qián", kwa yaliyopita: "qiántiān" ni juzi, na "hòutiān", siku ya nyuma, ni kesho kutwa.

Hatua ya 7: Jaribu kama kielezi kimeshika kitenzi sahihi

Sentensi yenye vitenzi viwili ni hatari. "Alisema Jumatatu atakuja": Jumatatu ndiyo siku ya kusema au ya kuja? Weka "kwamba" na mpaka utaonekana: "Alisema kwamba Jumatatu atakuja", au "Jumatatu alisema kwamba atakuja."

"Polisi walimkamata mtu aliyeiba simu jana Likoni." Wizi ulikuwa jana Likoni, au kukamatwa? Kielezi hushika kitenzi kilicho karibu, kwa hiyo msomaji ataelekea kwenye wizi. Kama ulimaanisha kukamatwa, kitangulize: "Jana, Likoni, polisi walimkamata mtu aliyeiba simu." Fanya marekebisho haya kwa Kiswahili kwanza, kwa maana utata ukivuka mpaka wa lugha haurudi.

Tazama pia -po-, ambayo Kiswahili huitumia kwa mahali na kwa wakati. "Nilimkuta alipokuwa akifanya kazi" ni mahali pake pa kazi, au ni katikati ya kazi? Ongeza "mahali" au "wakati" mbele yake kabla ya kufasiri.

Ukikalimani kwa mdomo

Papo kwa papo huna karatasi ya maswali matano. Unapotoka Kijerumani, kitenzi chenye maana huchelewa: "Die Gruppe hat gestern Abend in Nyali ihr Gepäck vergessen." Ukifika "in Nyali" bado hujui kikundi kimefanya nini. Tumia uhuru wa Kiswahili: toa wakati na mahali mwanzoni, polepole, huku ukisubiri. "Kikundi hiki, jana jioni, kule Nyali…" na kitenzi kikifika: "…kilisahau mizigo yake." Sentensi imetoka sawa na hukunyamaza. Ukienda Kiingereza ujanja huu una nafasi ndogo, kwa sababu kitenzi hakitaki kusubiri. Hapo ni afadhali kuchelewa nusu sentensi. Shika daftari dogo, na uandike humo vitu viwili tu: majina ya mahali, na saa kwa tarakimu, ukiwa umekwisha kuongeza au kutoa zile 6 kabla kalamu haijainuka.